Robert Koch: Daktari aliyeifanya Hamburg ichemshe maji

Mwishoni mwa Agosti 1892, mikokoteni ya kukokotwa na farasi ilianza kuzunguka katika mitaa ya Hamburg, bandari kubwa kuliko zote nchini Ujerumani, ikiwa imesheheni mapipa. Ndani ya mapipa hayo hamkuwa na pombe wala mafuta ya taa, bali maji yaliyochemshwa. Wanawake na watoto walipanga foleni na ndoo mikononi, ilhali majumbani mwao mlikuwa na mifereji iliyotiririka usiku na mchana. Maji ya mifereji hiyo ndiyo yaliyokuwa yakiwaua.

Hatua hiyo ilichukuliwa baada ya kuwasili kwa daktari mmoja kutoka Berlin, mfupi wa kimo, mwenye miwani na ndevu zilizochongwa vizuri, ambaye hakuwa na mazoea ya kubembeleza wakubwa. Robert Koch alikuwa na umri wa miaka 48. Dunia ilikwisha kumjua kama mgunduzi wa kiini cha kifua kikuu, na vitabu vya shule vinamkumbuka hivyo hadi leo. Kinachosahaulika ni kazi yake kuhusu maji: namna ya kujua kama yana viini, namna ya kuviua, na nini kifanywe na watu ambao mtambo wa kusafisha maji haujawafikia. Kinachosahaulika zaidi ni kwamba daktari huyo alifika mara kadhaa katika eneo letu la Afrika Mashariki, na kwamba si kila alichokitenda huku kilikuwa cha kujivunia.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, eneo la machimbo ya madini. Baba yake, Hermann, alikuwa afisa wa machimbo, na familia ilikuwa na watoto 13. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kuwaonyesha kuwa alikuwa amejifunza kusoma peke yake kwa kutumia magazeti. Sisi tunaofanya kazi ya magazeti tunakipenda kisa hicho, na pengine ndiyo sababu hatukihoji sana.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kufuzu mwaka wa 1866. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, ambaye miaka mingi kabla ya hapo alikuwa amedai kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Dai hilo halikuwa na ushahidi wa kutosha wakati huo, na wasomi wengi walilipuuza. Mwaka huo huo wa 1866 Koch alifanya kazi kwa muda mfupi katika hospitali kuu ya Hamburg, na hapo ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na wagonjwa wa kipindupindu. Hakujua kwamba angerudi katika mji huo miaka 26 baadaye kwa sababu ya ugonjwa huo huo.

Alimwoa Emmy Fraatz mwaka wa 1867, wakajaliwa binti mmoja, Gertrud. Baada ya kuhamahama na kuhudumu katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 na 1871, aliajiriwa mwaka wa 1872 kuwa daktari wa wilaya huko Wöllstein, mji mdogo ambao siku hizi uko Poland na huitwa Wolsztyn. Ulikuwa mbali na vyuo vikuu, mbali na maktaba. Mchana alitibu wakulima, na usiku alijifungia katika sehemu ya chumba chake cha kazi iliyotengwa kwa pazia, akichungulia kwenye hadubini ambayo inasemekana mkewe ndiye aliyemzawadia.

Humo ndimo alimochunguza kimeta, ugonjwa uliokuwa ukiangamiza ng'ombe na kondoo wa wilaya yake. Mnamo 1876 alisafiri hadi Breslau na kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn maisha yote ya kiini cha kimeta, pamoja na jinsi kinavyojigeuza mbegu ngumu inayoweza kukaa ardhini kwa miaka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa mmoja kuthibitishwa kwamba unaletwa na bakteria wa aina moja maalum. Daktari wa kijijini alikuwa amewapita maprofesa wa mijini.

Serikali ilimwita Berlin mwaka wa 1880, katika Idara ya Afya ya Dola. Alipewa maabara na vijana wawili hodari, Georg Gaffky na Friedrich Loeffler. Kipindi hicho ndicho kilichozaa mambo mengi ambayo hadi leo tunayategemea kila tunapozungumzia maji salama.

Kwanza alitafuta njia ya kuwatenganisha bakteria. Alimwaga jelatini juu ya kipande cha kioo, akaacha igande, kisha akapaka tone lenye viini. Kila kiini kilichotua kilizaliana hapo hapo kilipo na kufanya doa dogo linaloonekana kwa macho. Jelatini iliyeyuka siku za joto, na suluhisho lilitoka jikoni: Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti waliokuwa wakishirikiana na Koch, alipendekeza agari, bidhaa ya mwani wa baharini aliyoitumia kugandishia vyakula vyake. Hadi sasa maabara zote duniani hutumia agari.

Njia hiyo iligeuza maji kuwa kitu kinachoweza kuhesabiwa. Kabla ya hapo, maji yalihukumiwa kwa rangi, harufu na ladha, au kwa vipimo vya kemia ambavyo havikuweza kutofautisha maji yenye chumvi chumvi na maji yenye mauti. Koch alichukua kiasi kidogo cha maji, akakichanganya na jelatini, akahesabu madoa. Maji meupe pe yangeweza kuwa na maelfu ya viini, nayo yenye rangi ya chai yakawa hayana neno.

Pili, alipima dawa za kuua viini. Katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 1881 alichukua nyuzi za hariri zilizolowekwa mbegu za kimeta, akazikausha, akazitumbukiza katika makumi ya kemikali kwa muda tofauti tofauti, kisha akaziweka mahali pa kuoteshea kuona kama kuna kitakachomea. Jambo alilolisisitiza ni kwamba kuzuia kiini kisikue si sawa na kukiua. Dawa nyingi zilizosifiwa hospitalini, ikiwemo asidi kaboliki iliyochanganywa na mafuta, zilionekana hazina nguvu yoyote ya maana dhidi ya mbegu hizo. Zilizofaulu zilikuwa chache, na miongoni mwake zilikuwamo klorini, bromini na iodini. Yeyote aliyewahi kutia dawa ya maji kwenye mtungi wake anatumia jamaa wa kemikali hizo.

Walipima pia joto. Hewa kavu ya moto ilihitaji nyuzi 140 kwa saa tatu ili kuziua mbegu za kimeta, ilhali mvuke wa maji yanayochemka ulizimaliza kwa muda mfupi sana. Huo ndio msingi wa kusafisha vyombo vya hospitali kwa mvuke.

Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza jijini Berlin kwamba amekipata kiini cha kifua kikuu. Habari hiyo ilienea duniani kwa kasi ya simu za maandishi, na Koch akawa mtu mashuhuri. Hatutakaa sana hapo kwa kuwa kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi.

Mwaka uliofuata kipindupindu kililipuka Misri. Ufaransa na Ujerumani, mahasimu wa tangu vitani, kila moja ilituma kikosi cha wanasayansi Alexandria. Kikosi cha Koch kilifika tarehe 24 Agosti 1883. Ndani ya kuta za utumbo wa watu waliofariki aliona bakteria wa umbo moja, lakini kabla hajathibitisha lolote mlipuko ulianza kupungua. Wafaransa nao walipatwa na msiba: kijana wao Louis Thuillier, mwanafunzi wa Pasteur, aliambukizwa akafa mwezi Septemba. Koch na wenzake walihudhuria mazishi na kusaidia kulibeba jeneza lake, ingawa yeye na Pasteur walikuwa hawaivi chungu kimoja.

Aliomba ruhusa ya kuufuata ugonjwa huo huko unakotoka. Alitia nanga Kolkata tarehe 11 Desemba 1883, siku aliyotimiza miaka 40. Katika wiki chache alifaulu kumwotesha bakteria yule peke yake, akaeleza kwamba amepinda kama alama ya mkato. Aligundua kwamba hufa upesi akikaushwa, lakini hustawi kwenye nguo mbichi na mahali penye unyevu.

Ushahidi uliowashawishi wengi ulitoka katika bwawa moja la mtaani. Kolkata ilikuwa na mabwawa mengi ya aina hiyo, yaliyochimbwa kati ya vibanda. Wakazi walioga humo, walifua humo, na humo humo walichota maji ya kunywa na kupikia. Wagonjwa wa kipindupindu walipozuka kando ya bwawa hilo, ilibainika kwamba nguo za mgonjwa wa mwanzo zilikuwa zimefuliwa ndani yake. Koch alipima maji na kumkuta bakteria yule yule. Ugonjwa ulipopungua, bakteria naye alipungua majini.

Haki inatutaka tuseme kwamba hakuwa wa kwanza. Mtaliano Filippo Pacini alikuwa amemwona bakteria huyo huko Florence mwaka wa 1854 na kuandika habari zake, lakini hakuna aliyemsikiliza. Jina rasmi la kisayansi lilikuja kumtambua mwaka wa 1965. Naye Mwingereza John Snow, mwaka huo huo wa 1854, alikuwa ameonyesha jijini London kwamba kipindupindu huenea kwa maji, bila ya kumwona bakteria mwenyewe. Koch alichofanya ni kuunganisha vipande hivyo na kuvitia muhuri wa maabara.

Bado wapinzani walikuwapo, na wa kuogopwa zaidi alikuwa Max von Pettenkofer wa Munich, mtaalamu mkuu wa afya ya umma wa zama zake. Alishikilia kwamba kiini peke yake hakiwezi kuleta mlipuko. Lazima udongo wa mahali na hali ya hewa vikiivishe kwanza. Nadharia hiyo iliwafaa sana wafanyabiashara, kwani kama tatizo ni udongo, hapana haja ya kuzuia meli wala kutumia fedha kuchuja maji.

Miongoni mwa walioipenda walikuwa watawala wa Hamburg. Mji huo ulijitawala chini ya Senati iliyotawaliwa na matajiri wa bandari na mawakili wao. Maji yalivutwa moja kwa moja kutoka Mto Elbe na kusukumwa majumbani bila ya kuchujwa. Mwaka wa 1886 mtaalamu wa wanyama aliandika uchunguzi kuhusu viumbe alivyovikuta ndani ya mabomba ya mji: mikunga, konokono, kome na sifongo. Watu walicheka. Ujenzi wa machujio ya mchanga ulijadiliwa kwa miaka mingi, ukaahirishwa kwa hoja ya gharama, na ulipoanza ulikwenda kwa mwendo wa kobe.

Agosti ya 1892 ilikuwa ya joto na ukavu, na maji ya mto yalipungua. Maji ya bahari yalipojaa yalirudisha maji taka ya mji hadi karibu na mahali pa kuvutia maji ya kunywa. Bandarini walikuwapo maelfu ya wahamiaji kutoka Urusi, ambako kipindupindu kilikuwa kimetapakaa, wakisubiri meli za kwenda Marekani. Katikati ya mwezi watu wakaanza kufa. Madaktari wa mji walisita kutamka jina la ugonjwa, na wakuu wao wakasita zaidi, maana tangazo lingefunga bandari. Meli iitwayo Moravia iliruhusiwa kung'oa nanga kuelekea New York ikiwa na hati ya afya njema. Abiria wapatao 20, wengi wao watoto, walifia baharini.

Koch aliwasili tarehe 24 Agosti kwa niaba ya serikali ya dola. Alizitembelea hospitali, akazuru vichochoro vya maskini karibu na bandari, na inajulikana wazi kwamba alifadhaishwa na uchafu alioukuta, kiasi cha kuulinganisha na maeneo mabaya aliyowahi kuyaona ng'ambo. Shule zilifungwa, kumbi za dansi zikafungwa. Vikosi vya kusafisha nyumba kwa dawa viliundwa. Vijikaratasi vya kuwataka watu wachemshe maji na maziwa vilichapishwa kwa wingi, na kwa kuwa watawala hawakuwa na mtandao wa kuwafikia mafukara, walilazimika kukiomba chama cha Wasoshalisti, adui wao wa kisiasa, kivisambaze nyumba hadi nyumba.

Ndipo ikaja ile mikokoteni ya mapipa. Kuwaambia watu wachemshe maji ni rahisi. Lakini familia iliyopanga chumba kimoja, yenye jiko moja na makaa ya kupimiwa, itachemshaje maji ya kunywa, ya kuoshea vyombo na ya kuoshea watoto? Wenye nyumba kubwa walikuwa na wajakazi na makaa tele. Wafanyakazi wa bandarini hawakuwa na kitu. Maji yaliyochemshwa kwa pamoja na kupelekwa mlangoni yalikuwa njia ya kuziba pengo hilo wakati machujio hayajakamilika.

Kufikia vuli, watu wapatao 17,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 8,600 wamefariki.

Mji jirani wa Altona ulikuwa umeungana na Hamburg kiasi kwamba mpaka ulipita katikati ya barabara. Altona ilivuta maji kutoka Elbe hiyo hiyo, tena chini zaidi, mahali ambapo uchafu wote wa Hamburg ulikuwa umekwisha kumwagwa. Kwa hesabu ya kawaida ingeangamia kwanza. Lakini Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, nayo ilipoteza watu mia chache tu, wengi wao wakiwa walioambukizwa Hamburg. Katika barabara ya mpakani, nyumba za upande mmoja zilikuwa na vifo na za upande wa pili hazikuwa navyo. Kulikuwa na jumba moja la wafanyakazi, Hamburger Hof, lililokuwa ndani ya Hamburg lakini kwa sababu za mabomba lilipata maji ya Altona. Mamia ya wakazi wake hawakuguswa.

Udongo ulikuwa mmoja, hewa moja, umaskini mmoja. Tofauti ilikuwa maji. Pettenkofer hakukubali hata hivyo. Tarehe 7 Oktoba 1892, akiwa na miaka 73, alikunywa mbele ya mashahidi mchuzi uliojaa bakteria wa kipindupindu. Aliharisha kidogo, akapona, akajitangazia ushindi. Msaidizi wake aliyerudia jaribio hilo aliugua zaidi, ila naye alinusurika. Leo tunajua kwamba si kila anayemmeza bakteria huyo huugua sana, na kwamba asidi ya tumbo huwaua wengi. Kiburi cha mzee yule hakikubadilisha idadi ya makaburi ya Hamburg.

Machujio ya Hamburg yalifunguliwa Mei 1893. Majira ya baridi ya mwaka huo Altona yenyewe ilipata mlipuko mdogo, na Koch akaonyesha kwamba mchanga ulikuwa umeganda kwa barafu na kushindwa kuchuja. Kutokana na hayo alipendekeza kanuni: maji yapite mchangani polepole, kila chujio lipimwe kila siku peke yake, na maji yanayotoka yasizidi viini 100 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Alieleza pia kwamba kinachochuja hasa si mchanga wenyewe bali utando wa utelezi unaofanyika juu yake, jambo linalofaa kukumbukwa na kila mwenye kuosha chujio lake kupita kiasi.

Kwa nini mambo hayo yamhusu msomaji wa Kenya? Kipindupindu kiliingia nchini kwa wimbi la sasa mwaka wa 1971, na kimekuwa kikirudi. Mlipuko mwingine mkubwa ulitangazwa Oktoba 2022. Mamilioni ya watu wetu huchota maji kwenye mito, mabwawa, visima na vioski, na swali lao ni lile lile la mpangaji wa Hamburg: utayasafishaje maji ya leo, kwa gharama ndogo, kabla ya mtambo wa serikali kufika?

Kuchemsha kungali njia ya uhakika kuliko zote, na si lazima maji yachemke dakika 20 kama wengi wetu tulivyofundishwa utotoni. Yakifikia kutokota kwa nguvu, viini vya kipindupindu na homa ya matumbo vimekwisha kufa; kwa kweli nyuzi 65 kwa muda wa dakika kadhaa zinatosha. Tatizo ni kuni. Kwa makadirio ya kawaida, lita moja huhitaji karibu kilo moja ya kuni. Mama anayenunua makaa kwa kopo atapiga hesabu, atapika ugali kwanza.

Klorini haina haja ya moto. Nchini Kenya, chupa za WaterGuard zilianza kuuzwa madukani mwaka wa 2003: unatia kipimo cha kifuniko katika mtungi wa lita 20 na kungoja nusu saa. Huko Busia, watafiti waliweka vifaa vya kutolea klorini kando ya chemchemi, ili mchotaji ageuze bomba dogo na kujiwekea dawa bila malipo pale pale anapojaza mtungi. Waligundua kwamba watu wengi zaidi huitumia dawa ikiwa karibu na bila bei kuliko wanapotakiwa kuinunua dukani. Mmoja wa watafiti hao, mwanauchumi Michael Kremer, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019. Faida nyingine ya klorini ni kwamba hubaki majini na kulinda hata kama mtoto atatumbukiza kikombe chenye mkono mchafu; maji yaliyochemshwa hayana ulinzi huo. Lakini klorini huzidiwa na maji yenye tope, ambayo yafaa yachujwe kwanza kwa kitambaa na kuachwa yatulie.

Njia isiyohitaji kuni wala dawa ni jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi hujazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Mionzi na joto huua viini. Wengi huidharau kwa sababu haina kifaa cha kuonyesha wageni. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu wa 1997 na 1998, watoto wa Kimaasai wa Kajiado walikuwa tayari katika utafiti wa njia hiyo. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka sita waliokunywa maji ya juani, waliougua walikuwa watatu. Kati ya 144 waliokunywa maji ambayo chupa zake ziliwekwa ndani ya nyumba, waliougua walikuwa 20. Kwa watoto wakubwa na watu wazima tofauti haikuonekana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 2001.

Na tumrudie Koch, kwa kuwa maisha yake hayakuishia Hamburg wala hayakuwa ya ushindi mtupu. Mwaka wa 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, kabla haijathibitishwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka kila pembe ya Ulaya. Dawa haikuponya, baadhi yao ilizidisha maradhi, na Koch akalaumiwa kwa kuficha jinsi ilivyotengenezwa. Mwaka wa 1893 alimtaliki Emmy na kumwoa Hedwig Freiberg, msichana wa karibu miaka 20. Jamii ya Berlin haikumsamehe upesi, na safari za ng'ambo zikawa kimbilio lake.

Alikwenda Afrika Kusini mwaka wa 1896 kupambana na sotoka. Mwaka wa 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo, na ndiye aliyethibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kiziba, magharibi mwa Ziwa Victoria, ni tauni. Rhodesia, mwaka wa 1903 na 1904, alichunguza maradhi ya ng'ombe ambayo wafugaji wetu wanayajua kwa jina la ndigana kali. Mwaka wa 1905 alirudi Tanzania ya leo na kuonyesha jinsi papasi wanavyoambukiza homa ya kujirudia. Desemba ya mwaka huo alitunukiwa Nobel ya tiba.

Mwaka wa 1906 ulimleta kwenye ziwa letu. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda. Koch alianzia Mwanza, kisha akapiga kambi katika visiwa vya Ssese, ambako wagonjwa wapatao 1,000 walihudumiwa kwa siku. Aliwadunga atoksili, dawa yenye arseniki. Mwanzoni walionekana kupata nafuu, kwani vimelea vilitoweka katika damu. Vilirudi. Koch akaongeza kipimo. Watu zaidi ya 20 wakapofuka kabisa, na wengine wakatoroka kambini kwa sababu ya maumivu. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali kujaribiwa dawa, jambo ambalo Koch asingethubutu kulifanya kwa wananchi wa Berlin baada ya fedheha ya tuberkulini. Alipendekeza pia wagonjwa wakusanywe katika kambi za kutengwa, na watawala wa Kijerumani wakalifuata pendekezo hilo.

Baadhi ya waandishi husema tusimhukumu kwa mizani ya leo. Mimi naona mizani hiyo ilikuwapo hata wakati huo, ila haikutumiwa kwa watu weusi. Mtu yule yule aliyeona kwamba mpangaji wa Hamburg hana makaa ya kuchemshia maji hakumwona mvuvi wa Ssese kuwa mtu wa kuulizwa.

Koch alirejea Ujerumani mwishoni mwa 1907. Alizuru Marekani na Japani mwaka uliofuata, akapokelewa kwa shangwe. Moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, alikokwenda kupumzika, akiwa na miaka 66. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakahifadhiwa Desemba mwaka huo ndani ya taasisi aliyoiasisi Berlin, ambayo sasa huitwa kwa jina lake. Machujio ya mchanga ya Kaltehofe, yaliyofunguliwa Hamburg baada ya maafa, yaliendelea kuupatia mji maji hadi karne ya 20 ilipokaribia kwisha. Siku hizi eneo hilo ni makumbusho.